Ini la mtoto aliye tumboni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu GALD na dripu za kinga kwa mjamzito

Maswali haya ni ya mama aliyemzika mtoto siku chache baada ya kujifungua, akaambiwa ini lilishindwa kazi, na sasa ana mimba nyingine au anaogopa kuibeba. Ni ya wakunga na madaktari wa wilaya pia, kwa sababu wao ndio wanaoandika mstari wa kwanza kwenye faili. Ugonjwa wenyewe ni adimu mno. Wapo waliofanya kazi leba mpaka kustaafu bila kuuona, na wapo waliouona wakauandika kwa jina jingine.

GALD ni nini?

Ni kifupi cha jina la Kiingereza, gestational alloimmune liver disease: ugonjwa wa ini unaomwanza mtoto akiwa bado tumboni. Kinga ya mama, ileile inayompigania akipata maambukizi, inakosea na kuziona seli za ini la mtoto kuwa kitu cha kigeni. Mwili wa mama unatengeneza kingamwili za aina ya IgG dhidi ya seli hizo. Sasa, kondo la nyuma lina kazi ya kuvusha IgG kwenda kwa mtoto ili azaliwe akiwa na akiba ya kinga, na halina namna ya kuchagua ipi ivuke na ipi ibaki. Kuanzia kama wiki ya 12 hadi ya 14 ya mimba, kingamwili hizo mbaya zinaanza kuvuka pamoja na zile njema.

Zikifika kwenye ini zinanata juu ya seli, kisha zinaamsha protini za damu zinazoitwa komplementi. Protini hizo hujipanga na kutoboa utando wa seli, na seli inakufa. Hali hiyo inaendelea wiki baada ya wiki. Mtoto anaweza kufia tumboni, au akazaliwa na ini lililojaa makovu na seli chache sana zinazofanya kazi.

Kwenye karatasi za zamani utakuta umeandikwa hemokromatosi ya watoto wachanga, yaani kujaa chuma mwilini. Ukiliona jina hilo kwenye ripoti ya mwanao, jua kwamba kwa sehemu kubwa ndio huuhuu. Jina GALD lishike kichwani, maana ndilo utakalomtajia daktari bingwa.

Daktari alisema mtoto alikuwa na chuma kingi mwilini. Mimi nilimeza vidonge vya kuongeza damu mimba nzima. Je, ni mimi niliyemdhuru?

Hapana. Swali hili linawatesa kina mama wengi, kwa hiyo tulijibu kwa kirefu kidogo.

Ini lenye afya hutoa homoni inayoitwa hepsidini, ambayo ndiyo inayopima chuma kiasi gani kiingie mwilini. Ini la mtoto likiwa limeharibiwa, hepsidini inakuwa kidogo, na kondo linaendelea kupitisha chuma bila wa kulizuia. Chuma hicho kinakwenda kutua kwenye kongosho, kwenye misuli ya moyo, kwenye tezi ya thairoidi na hata kwenye vitezi vidogo vya mate vilivyo ndani ya mdomo. Kwa hiyo ini ndilo linaloharibika kwanza, chuma kinafuata. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kinyume chake, ndiyo maana ugonjwa ukapewa jina la chuma.

Vidonge vya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki havina uhusiano na GALD, na kuviacha ni hatari. Upungufu wa damu unaua wajawazito wetu wengi kuliko ugonjwa huu utakavyowahi kufanya. Endelea kuvimeza.

Nyumbani wanasema damu yangu na ya mume wangu hazipatani. Ni kweli?

Kama wanamaanisha makundi ya damu, A, B, O au Rhesus, jibu ni hapana. GALD haionekani kwenye kipimo cha kundi la damu, na sindano ya anti-D wanayopewa kina mama wenye Rhesus hasi haiizuii. Namna unavyotokea inafanana na tatizo la Rhesus, kwa maana ya kingamwili za mama kumshambulia mtoto, ila katika Rhesus zinazoshambuliwa ni chembe nyekundu za damu na hapa ni ini.

Tuseme na hili waziwazi, kwa sababu limevunja ndoa. Kinachobaki na kujirudia ni kingamwili za mama. Mwanamke akiolewa na mume mwingine, hatari inakwenda naye. Imeonekana kwa watoto wa mama mmoja baba mbalimbali. Lakini hakuna alichokifanya. Hakula kitu kibaya, hakuficha ugonjwa, hakulogwa, na yeye mwenyewe si mgonjwa. Mkwe anayemshauri mwanawe aoe mke mwingine hajui kwamba mke huyohuyo, akipata tiba mapema, ana nafasi kubwa sana ya kuzaa mtoto mzima.

Mtoto mwenye GALD anaonekanaje?

Mara nyingi mimba yenyewe inakuwa na dalili zisizo na jina: mtoto hakui sawasawa na wiki zake, maji ya uzazi ni machache, anazaliwa njiti. Wengine huzaliwa wafu.

Anayezaliwa hai anaumwa ndani ya saa au siku chache. Sukari inashuka na ukiipandisha inashuka tena. Amevimba mwili, tumbo limejaa maji. Manjano yanaanza na kupanda. Kinachopaswa kumshtua mkunga zaidi ni damu: alipochomwa sindano panavuja, kitovu kinavuja, vitamini K ameshapewa, na bado damu haigandi. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na kama halipo kazini vitamini K haina pa kufanyia kazi.

Maabara nayo ina mtego. Vimeng'enya vya ini, vile ambavyo tumezoea kuviona vikipaa ini likiumwa, kwa mtoto huyu mara nyingi viko chini au vimepanda kidogo tu. Daktari asiyejua anaangalia karatasi na kusema ini si baya. Viko chini kwa sababu seli zenyewe zilishakufa zamani, tumboni. Hakuna nyingi zilizobaki za kuvimwaga kwenye damu.

Si ndiyo maambukizi ya damu ya kawaida ya vichanga?

Yanafanana, na hapo ndipo watoto wengi wanapopotelea. Kichanga aliyelegea, mwenye manjano, sukari chini na damu inayovuja ataandikiwa maambukizi ya damu na kuanzishiwa antibayotiki. Ni sawa kuanza hivyo, kwa sababu maambukizi ni mengi na yanaua upesi. Kaswende ya kuzaliwa nayo na virusi vya herpesi navyo lazima vitafutwe, pamoja na magonjwa ya kurithi ya kuchakata sukari na protini, kama galaktosemia. Kosa ni kuishia hapo. Kichanga ambaye ini lake limeshindwa kabisa tangu siku ya kwanza au ya pili ni kichanga wa kufikiriwa GALD.

Unathibitishwaje?

Hakuna kipimo cha damu cha mama cha kuutambua. Kinachotafutwa kwa mtoto ni chuma mahali kisipotakiwa kuwa. Njia mbili ndizo zinazotumika sana. Ya kwanza ni picha ya MRI ya tumbo na moyo, inayoonyesha chuma kwenye kongosho na misuli ya moyo huku wengu ukiwa hauna. Ya pili ni kukata kipande kidogo ndani ya mdomo wa chini, penye vitezi vya mate, na kukipaka rangi maalumu ya kuonyesha chuma maabara. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, lakini kumbuka huyu ni mtoto ambaye damu yake haigandi, kwa hiyo hufanywa na mtu mwenye uzoefu.

Feritini, protini inayohifadhi chuma, ikiwa juu sana kwenye damu inatia shaka lakini haithibitishi, kwa sababu hupanda katika magonjwa mengi ya ini. Alfa-fetoprotini, protini inayotengenezwa na ini la mtoto, nayo huwa juu mno.

Mtoto ameshafariki. Kuna maana gani ya kupima sasa?

Kuna maana kubwa kuliko nyingine yoyote kwenye ukurasa huu. Uamuzi wa kumtibu mama katika mimba ijayo hutegemea kilichompata huyu. Bila jibu, daktari anabaki kubahatisha kama ampe mama miezi mitano ya dawa ghali au amwache.

Tunajua hali ilivyo. Mtoto amefariki usiku, baba anataka azikwe kabla ya adhuhuri, bibi yake amekwisha leta sanda, na daktari anakuja na neno la kupasua. Familia nyingi zinakataa, na haki yao. Lakini si lazima iwe kupasua mwili mzima. Kipande cha ini kinachotolewa kwa sindano na kipande kile cha ndani ya mdomo vinaweza kutosha, na hakuna kitakachozuia kuosha na kuzika siku hiyohiyo. Daktari alieleze hivyo, kwa maneno haya mepesi, badala ya kuleta fomu tu.

Kipande cha ini kinahifadhiwa kwenye fomalini kisha kwenye nta, na kikishakuwa kwenye nta kinadumu miaka. Wataalamu wanaweza kukitafutia alama ya ile komplementi iliyotoboa seli, ambayo huandikwa C5b-9. Kukuta seli za ini zimejaa alama hiyo ni ushahidi mzito wa GALD, na huonekana hata pale ambapo chuma hakikuonekana. Kwa hiyo kama mwanao alifariki miaka mitatu iliyopita na sampuli ilichukuliwa, uliza idara ya patholojia kama kile kipande bado kipo. Mara nyingi kipo kabatini.

Kama hakikuchukuliwa kitu, leta ulichonacho: karatasi ya ruhusa, majibu ya maabara, kadi ya kliniki, picha za utrasaundi. Bingwa anaweza kusoma mwendo wa ugonjwa na kuamua.

Uwezekano wa kurudia ni kiasi gani?

Mama akishapata mtoto mmoja aliyethibitishwa kuwa na GALD, uwezekano wa mimba inayofuata kuathirika ni zaidi ya asilimia 90 asipotibiwa. Ni kiwango cha kutisha. Magonjwa mengi ya kurithi tunayoyajua, seli mundu ikiwemo, hurudi kwa mtoto mmoja kati ya wanne.

Na wala si lazima uanzie kwa mtoto wa kwanza. Wapo waliozaa watoto wazima kabla, kisha likaanza.

Tiba ya kuzuia ni ipi, na nani aliigundua?

Ni imunoglobulini inayopitishwa kwenye mshipa kwa dripu, madaktari huiita IVIG. Ni kingamwili za kawaida zilizochujwa kutoka kwenye plazima ya maelfu ya wachangia damu na kusafishwa dhidi ya virusi.

Aliyeifungua njia hii ni Peter Whitington, daktari wa ini wa watoto huko Chicago, Marekani, pamoja na daktari wa uzazi Judith Hibbard. Mwaka 2004 walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya wanawake 15 waliokuwa wamepata mtoto mwenye ugonjwa huu. Walipewa gramu 1 ya dawa kwa kila kilo ya uzito, kila wiki, kuanzia wiki ya 18 mpaka kujifungua. Watoto wote walizaliwa hai na wote wakaishi. Wengi wao vipimo vilionyesha kwamba ini liliguswa, lakini kidogo, na likapona. Hawa ni kina mama ambao bila tiba wangetarajia kuzika tena. Tangu hapo wametibiwa wengine zaidi ya mia katika nchi mbalimbali, na kati ya mimba kumi zilizotibiwa zaidi ya tisa zimeisha vizuri.

Hakukuwa na kundi la kulinganisha lililonyimwa dawa katika wakati huohuo. Walilinganishwa na mimba zao wenyewe zilizopita. Kuna wanaoona hilo ni udhaifu wa utafiti. Mimi sioni nani angekubali kuwekwa kwenye kundi la kunyimwa, akiwa na asilimia 90 mbele yake.

Kingamwili zinazuiaje kingamwili?

Kwa wingi wake. Kondo lina vipokezi vya kuvushia IgG, na vina kikomo. Damu ya mama ikifurika IgG ya wachangiaji, zile chache mbaya zinakosa nafasi ya kuvuka, na kinachomfikia mtoto kinakuwa kimezimuliwa. Mwili wa mama nao, ukiona IgG imezidi, unaanza kuivunja upesi zaidi, mbaya na nzuri pamoja. Na zile zinazofika kwa mtoto hata hivyo zinakutana na IVIG iliyovuka nazo, ambayo huipunguza nguvu ile komplementi. Kinga ya mama haiponywi. Inazidiwa tu mpaka mtoto atoke.

Ratiba ikoje?

Utaratibu unaofuatwa sasa umesogezwa mapema kuliko ule wa 2004: dozi wiki ya 14, nyingine wiki ya 16, kisha kila wiki kuanzia ya 18 mpaka mwisho. Umesogezwa kwa sababu madhara yamekutwa kwa watoto wa katikati ya mimba, wakati mama bado anasubiri wiki ya 18 ifike. Dozi ni gramu 1 kwa kilo, isizidi gramu 60 kwa mara moja hata kama mama ana kilo 85.

Maana yake ni kwamba mtu hawezi kungoja. Wengi wetu tunaanza kliniki mimba ikiwa imeshaonekana, mwezi wa nne au wa tano. Mwenye historia ya GALD anatakiwa kuonana na bingwa kabla ya kubeba mimba, na akishaikosa hedhi afanye utrasaundi ya mapema ili wiki zihesabiwe kwa uhakika, si kwa kukumbuka tarehe.

Nina wiki 22 na ndiyo kwanza nasikia habari hii. Nimechelewa?

Nenda kesho. Wale kina mama 15 walianza wiki ya 18, na kila wiki inayobaki ni wiki ya kingamwili kuvuka. Usikubali kuambiwa subiri ujifungue tuone.

Siku ya dripu inakuwaje?

Jipange kukaa nusu siku au zaidi. Dawa hutunzwa kwenye friji, kwa hiyo muuguzi anaitoa mapema ili ubaridi upungue. Haitikiswi, ikitikiswa inafanya povu. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60, yaani chupa sita za gramu 10. Kila chupa ina kibandiko chenye namba ya toleo, muuguzi anakibandua na kukibandika kwenye faili, ili likitokea tatizo ijulikane ni toleo gani. Ukiona hakibanduliwi, uliza.

Dripu inaanza polepole sana, matone machache, huku presha, mapigo na joto vikipimwa mara kwa mara. Mwili ukipokea vizuri inaongezwa kasi. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake. Ni ushauri mdogo lakini unapunguza maumivu ya kichwa na unalinda figo. Beba chakula, beba shuka, na kama inawezekana mtu wa kukusindikiza nyumbani.

Madhara?

Kichwa kuuma ndiyo lalamiko la wengi, jioni ile au kesho yake. Homa, baridi, kichefuchefu na uchovu hufuata. Parasetamoli inatosha kwa wengi; usinywe diklofenaki wala ibuprofeni, si dawa za mjamzito. Kupunguza kasi ya dripu, au kugawa dozi kwa siku mbili, husaidia sana.

Yasiyo ya mzaha ni haya. Kichwa kuuma kupita kiasi na shingo kukakamaa, ambayo ni ngozi ya ubongo kuwashwa na dawa bila kuwepo mdudu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla, vinaweza kuwa damu iliyoganda. Mkojo mweusi na kuishiwa nguvu, hasa kwa wenye kundi A, B au AB, huweza kuwa chembe za damu zinavunjwa, na ndiyo maana wingi wa damu unapimwa mara kwa mara katika miezi hiyo. Mzio mkali hutokea kwa nadra na kwa kawaida huonekana dakika za mwanzo, ukiwa bado kitandani na muuguzi yuko pembeni. Lolote kati ya haya likikupata nyumbani, rudi hospitali usiku huohuo.

Jambo moja linalosahaulika: vipimo vyako vya kliniki, kaswende na homa ya ini B vikiwemo, vifanywe kabla ya dripu ya kwanza. Baada ya hapo damu yako ina kingamwili za maelfu ya watu, na baadhi ya vipimo vitasoma za kwao vikidhani ni zako.

Gharama je? Inapatikana kwetu?

Hapa ndipo penye uzito. Piga hesabu ya mama wa kilo 60: dozi mbili za mwanzo, kisha kila wiki kuanzia ya 18 hadi ya 37, jumla ni dozi 22, gramu 1,320. Ni moja ya dawa ghali zaidi ambazo mjamzito anaweza kuandikiwa, kwa sababu haitengenezwi kiwandani tu, inatokana na plazima ya watu. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye friji ya hospitali yako ni mambo mawili.

Ushauri wa vitendo: bingwa aandike mpango mzima kabla ya mimba, akitaja jumla ya gramu na wiki za kuanza na kuisha, na mpango huo upelekwe kwa mfamasia wa hospitali ya rufaa na kwa bima kwa pamoja. Bima ikikataa, omba ikatae kwa maandishi na ukate rufaa ukiambatanisha majibu ya mtoto aliyefariki. Dawa ikikatika stoo mimba ikiwa na wiki 26, hilo ni janga, kwa hiyo afadhali mfamasia ajue miezi miwili kabla. Ndugu walioko Muscat, London au Toronto mara nyingi ndio wanaochangia. Pesa zao ziende kwa hospitali, na dawa inunuliwe kwa njia rasmi, kwa sababu chupa iliyosafirishwa kwenye begi bila ubaridi haifai hata kama imelipiwa.

Hakuna njia ya bei nafuu? Steroidi, dawa za mitishamba, lishe?

Hakuna iliyoonyeshwa kuzuia.

Nijifungulie wapi?

Hospitali yenye wodi ya vichanga mahututi na maabara inayofanya kazi saa 24. Madaktari wengi hupanga uzazi kwenye kama wiki ya 37, ili kukatisha muda wa kingamwili kuvuka. GALD peke yake si sababu ya kupasuliwa. Uzazi wa kawaida unaruhusiwa kama hakuna sababu nyingine.

Mtoto akizaliwa anapimwa siku hiyohiyo: sukari, kuganda kwa damu, manjano, albumini, feritini na alfa-fetoprotini. Vipimo vikiwa na kasoro ndogo usipaniki, ni kawaida kwa watoto hawa na hurudi sawa. Vikiwa vibaya, naye anapewa IVIG yake.

Mnyonyeshe. Kingamwili zilizomdhuru zilipitia kondo, na kondo limeshatoka.

Na yule anayezaliwa mgonjwa, mama hakutibiwa kwa sababu hakujua?

Zamani alitibiwa kwa mchanganyiko wa vitamini na dawa za kuondoa chuma, na wengi walikufa. Ilipoeleweka kwamba chuma si mwanzo wa tatizo, tiba ikageuka: mtoto anabadilishwa damu, mara mbili ya ujazo wake, kuondoa kingamwili zilizobaki, kisha anapewa IVIG gramu 1 kwa kilo. Mwaka 2009 ilitolewa taarifa ya watoto 16 waliotibiwa hivyo, na 12 kati yao walinusurika bila kupandikizwa ini. Ni asilimia 75, wakati kwa tiba ya zamani ilikuwa asilimia 17.

Kubadilisha damu ya kichanga kunafanyika katika hospitali zetu kubwa kwa ajili ya manjano makali, kwa hiyo ujuzi upo. Na dozi ya kichanga wa kilo 2 ni gramu 2, si 60. Kwa daktari wa zamu, hili ndilo la kubeba: ukishuku, toa IVIG huku ukisubiri majibu. Hasara ya kuitoa bure ni ndogo kuliko ya kuchelewa. Kupandikiza ini kwa kichanga wa umri huo ni jambo zito sana na kwa familia nyingi za huku maana yake ni safari ya India, ambayo mtoto anayevuja damu mara nyingi haiwezi.

Nina homa ya ini B. Ndiyo hii?

Hapana, hiyo ni virusi. Mtoto wa mama mwenye homa ya ini B analindwa kwa chanjo, na mama mwenye virusi vingi hupewa tenofoviri, dawa ya kupunguza virusi, wakati wa mimba. IVIG tunayoizungumzia hapa haihusiki.

Nikishapata mtoto mzima kwa dripu, mimba ya baadaye nahitaji tena?

Ndiyo, kila mimba, kuanzia mwanzo. Kingamwili zako hazijaondoka. Mtoto mzima uliyempata si dalili kwamba umepona, ni dalili kwamba dripu zilifanya kazi.

Chanjo za mtoto zinabadilika?

BCG na matone ya polio apewe kama wenzake. Ya surua na rubela, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, inaweza kupokewa vibaya na mwili wa mtoto aliyepewa IVIG mwenyewe, kwa kuwa kingamwili za wachangiaji huweza kukizima kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kazi yake. Usiiruke. Mwonyeshe muuguzi wa kliniki karatasi ya ruhusa inayoonyesha tarehe na kiasi cha IVIG, ili aamue na daktari lini ichomwe, na ile ya miezi 18 isikosekane kwa namna yoyote. Tarehe hiyo iandikwe pia kwenye kadi ya mtoto, ukurasa wa chanjo, kwa kalamu.